Folda ya mfumo ikifutwa kwa bahati mbaya: cha kuokoa kwanza na cha kurejesha baadaye

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kompyuta iliyoko nyumbani mara nyingi hubeba kazi ya watu wengi kuliko wanaoishi katika nyumba hiyo. Mwalimu huweka humo alama za upimaji endelevu za wanafunzi wake. Karani wa chama cha msingi cha ushirika huandaa humo orodha za wakulima waliopeleka korosho au ufuta ghalani. Mwenye steshenari huhifadhi barua, wasifu na picha za wateja. Kompyuta hiyohiyo jioni hutumika kutazama filamu, na diski inapojaa, mtu hutafuta cha kufuta. Hapo ndipo folda ya mfumo, ambayo jina lake halimwelezi mtumiaji chochote, huondolewa ili kupata nafasi.

Makala haya yanaeleza namna ya kurejesha folda ya aina hiyo katika kompyuta zinazotumia Windows. Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba faili za mfumo hupatikana tena. Nakala zake zimo katika mamilioni ya kompyuta, na mwenye leseni huzipakua kutoka Microsoft bila malipo. Alama za wanafunzi au orodha ya wakulima haina nakala popote isipokuwa pale mwenyewe alipoiweka. Kwa sababu hiyo, kazi ya mtumiaji huokolewa kwanza na mfumo hutengenezwa baadaye. Wengi hufanya kinyume, na mara nyingi hasara kubwa hutokea wakati wa kutengeneza kuliko wakati wa kufuta.

Ni folda ipi iliyofutwa?

Faili za mfumo endeshi zimo hasa katika folda ya C:\Windows. Ndani yake imo System32, yenye programu na viendeshi ambavyo kompyuta haiwezi kuwaka bila hivyo. WinSxS, ambayo ni ghala la vipuri ambamo Windows huchota faili inapojitengeneza. Na Installer, yenye kumbukumbu za usakinishaji wa programu kama Office. Nje ya Windows zipo Program Files na ProgramData, ambazo ni za programu nyingine, pamoja na Users, ambamo kila mtumiaji ana folda yake yenye Documents, Desktop, Pictures na AppData.

Tangu Windows Vista, faili nyingi za System32 na WinSxS humilikiwa na huduma ya ndani iitwayo TrustedInstaller. Hata msimamizi wa kompyuta akijaribu kuzifuta hukataliwa. Kwa hiyo folda hizo hazifutiki kwa kuteleza kwa kidole tu. Hufutika mtu anapofuata video inayomfundisha kujipa umiliki wa folda, au diski inapofunguliwa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine ambako ulinzi huo haufanyi kazi ipasavyo. Folda zinazofutwa kwa bahati mbaya hasa ni zile zenye ulinzi mdogo, yaani Installer, AppData na Desktop.

Madhara hutofautiana. System32 ikipungukiwa na faili, kompyuta inaweza kukataa kuwaka siku hiyohiyo. Installer ikifutwa, kila kitu huonekana salama kwa wiki kadhaa, hadi Office inapokataa kupokea masasisho au kuondolewa. AppData ikifutwa, nywila na kurasa zilizohifadhiwa katika kivinjari hupotea, na programu hufunguka kana kwamba zimesakinishwa leo. Folda ya Desktop ikifutwa, Windows hutoa tangazo kwamba mahali hapo hapapatikani. Tangazo hilo huogopesha, lakini dawa yake ni nyepesi: ifungue folda ya jina lako ndani ya C:\Users, unda humo folda mpya yenye jina Desktop, kisha iwashe kompyuta upya.

Wapo pia wanaofuta kwa sababu wameshauriwa kufanya hivyo. Mwaka 2001 barua pepe zilisambaa duniani zikiwataka watu wafute faili ya SULFNBK.EXE kwa madai kuwa ni kirusi. Ilikuwa faili halali ya Windows. Mwaka uliofuata ilikuja zamu ya jdbgmgr.exe, ambayo alama yake ilikuwa picha ya dubu mdogo, na watu wengi waliifuta wakiamini kuwa picha hiyo ndiyo ushahidi wa kirusi. Leo ujumbe wa namna hiyo hupita katika makundi ya WhatsApp. Ni kweli kwamba tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike lilipozima takriban kompyuta milioni 8.5 duniani, dawa ilikuwa kufuta faili moja iliyomo ndani ya System32. Lakini maelekezo hayo yalitolewa na kampuni yenyewe, yakitaja faili husika kwa jina. Ujumbe usio na chanzo hauna uzito huo.

Folda iliyofichwa haijafutwa

Kabla ya kuanza kurejesha, hakikisha kwamba folda imefutwa kweli. Flashi inayozunguka kati ya shule, ofisi na steshenari huweza kubeba kirusi kinachoficha folda zote na kuweka mahali pake alama za njia ya mkato zenye majina yaleyale. Mwenye flashi huona alama hizo, huzibofya, hazifunguki kama kawaida, naye huamini kwamba kazi yake imepotea. Wengine hufikia hatua ya kuifomati flashi, na hapo ndipo kazi hupotea kweli.

Usibofye alama hizo, kwa kuwa kuzibofya ndiko hukiingiza kirusi katika kompyuta. Ichunguze flashi kwanza kwa programu ya kuzuia virusi. Microsoft Defender, ambayo imo ndani ya Windows, inatosha kwa kazi hii. Kisha fungua dirisha la Command Prompt na uandike amri ifuatayo, ukibadili herufi E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo huondoa sifa ya kufichwa, na folda huonekana tena zikiwa na kila kilichokuwamo. Isitumike kwenye diski C, kwa sababu huko zimo faili ambazo Windows yenyewe imezificha kwa makusudi.

Dakika za kwanza

Ukigundua kwamba umefuta folda isiyostahili, acha shughuli nyingine zote katika kompyuta hiyo. Bonyeza Ctrl na Z kwa pamoja ukiwa bado katika dirisha ulilofutia. Kitendo cha mwisho kitatenguliwa. Isipofaulu, fungua Recycle Bin, itafute folda, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Restore. Itarudi mahali ilipotoka. Recycle Bin haipokei vilivyofutwa kwa Shift na Delete, vilivyofutwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, wala folda kubwa kuliko nafasi iliyotengwa kwa ajili yake.

Ikiwa folda haimo, usiwashe kompyuta upya. Wengi hushangazwa na agizo hili kwa kuwa wamezoea kuambiwa wazime na kuwasha. Kompyuta iliyokwisha kuwaka ina sehemu kubwa ya mfumo katika kumbukumbu yake ya muda, hivyo inaweza kuendelea kufanya kazi hata kama faili zake za kuwakia hazipo tena kwenye diski. Ukiizima, huenda hiyo ikawa mara ya mwisho kuwaka. Tumia muda huo kunakili folda yako iliyomo ndani ya Users kwenda kwenye diski ya nje au flashi. Kompyuta ya mkononi ichomekwe kwenye chaja. Ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme ianze na mafaili yasiyo na mbadala, picha na filamu zifuate baadaye.

Ikiwa kompyuta bado inawaka

Baada ya kazi kuwa salama, mfumo unaweza kutengenezwa. Ikiwa kipengele cha System Restore kiliwashwa kabla ya ajali, ndicho njia fupi kuliko zote. Andika rstrui katika sehemu ya kutafutia na uchague tarehe iliyotangulia ajali. Kipengele hiki hurudisha faili za mfumo na mipangilio bila kugusa nyaraka binafsi, ingawa programu zilizosakinishwa baada ya tarehe hiyo huondoka. Kwa bahati mbaya, katika kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 kipengele hiki huwa kimezimwa, na mwenyewe hulijua hilo siku anapokihitaji.

Njia ya pili haihitaji maandalizi. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na uandike amri hizi mbili, ya pili baada ya ya kwanza kumaliza:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Amri ya kwanza hulikarabati ghala la vipuri la WinSxS kwa kupakua faili kutoka Microsoft. Ya pili hulinganisha faili za mfumo na ghala hilo na kurudisha zilizopungua au kuharibika. Ndiyo maana mpangilio wake ni muhimu: sfc haiwezi kutoa ghalani kisichokuwamo. DISM huweza kusimama kwenye asilimia moja kwa muda mrefu. Isikatizwe kwa sababu hiyo. Aidha, ifahamike kwamba amri hizi hutengeneza faili za Windows pekee. Hazirudishi folda ya Installer, programu zilizomo Program Files, wala kitu chochote cha mtumiaji. Kwa Installer, dawa ni nakala ya akiba au kuzisakinisha upya programu zilizoathirika.

Amri hizo zikishindwa, ipo njia ambayo mafundi wengi huiruka, nayo ni kuisakinisha Windows juu ya ile iliyopo. Flashi yenye Windows huchomekwa wakati kompyuta imewaka, faili ya setup.exe hufunguliwa kutoka ndani yake, na mtumiaji huchagua kubaki na mafaili pamoja na programu zake. Toleo na lugha ya Windows iliyo katika flashi vilingane na vilivyomo katika kompyuta, na diski C iwe na nafasi ya kutosha. Uchaguzi huu haupatikani kompyuta ikiwashwa kutoka kwenye flashi yenyewe. Hupatikana Windows ikiwa inafanya kazi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokuwa na haraka ya kuzima.

Ikiwa haiwaki tena

Windows ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, kwa kawaida mara ya tatu hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo imo Startup Repair, System Restore na Command Prompt. Katika Command Prompt ya ukurasa huo, amri ya sfc huandikwa hivi:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Herufi za diski huweza kubadilika katika ukurasa huo, hivyo hakikisha kwanza kwa amri ya dir kwamba C ndiyo yenye folda ya Windows. Kompyuta iliyofungwa kwa BitLocker itadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika wakati kompyuta inaandaliwa, na unaweza kusomwa kwa simu. Aliyenunua kompyuta iliyotumika na kuikuta na akaunti ya mtu mwingine anapaswa kulishughulikia jambo hilo mapema, kwa kuwa bila ufunguo huo hakuna fundi atakayeifungua diski.

Hatua ya mwisho ndani ya Windows ni Reset this PC kwa uchaguzi wa Keep my files. Programu huondoka na nyaraka hubaki. Ikiwa folda iliyofutwa ni WinSxS au System32, chagua usakinishaji wa kupakua kutoka intaneti, kwa kuwa ule wa ndani hutegemea faili zilezile zilizoharibika. Upakuaji huo hufikia takriban GB 4, na mtumiaji alinganishe na bando alilonalo kabla ya kuanza.

Kama kazi haikunakiliwa mapema na kompyuta haiwaki, bado ipo nafasi. Mfumo wa Linux, kwa mfano Ubuntu, unaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, na folda ya Users ikasomwa na kunakiliwa. Njia nyingine ni kuitoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nzima. Lolote kati ya hayo lifanyike kabla ya kile mafundi wanachokiita kupiga Windows. Ikibidi kupiga Windows, mwambie fundi asifomati. Windows mpya ikisakinishwa bila kufomati, ile ya zamani huhamishiwa katika folda iitwayo Windows.old, na nyaraka huwa zimo ndani yake chini ya Users. Zitolewe mara moja, kwa kuwa Windows huweza kuifuta folda hiyo yenyewe baada ya siku 10.

Kazi yako ikiwa imefutwa pamoja na mfumo

Faili inapofutwa, Windows huiondoa katika orodha yake na kuitangaza nafasi yake kuwa wazi. Katika diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka, maudhui hubaki mpaka yaandikiwe juu yake. Katika diski za SSD mambo ni tofauti: kwa amri iitwayo TRIM, Windows huijulisha diski kwamba nafasi hiyo haihitajiki, na diski huisafisha yenyewe, wakati mwingine ndani ya muda mfupi. Kwa SSD, anayeahidi kwamba atarudisha kila kitu anaahidi kisicho katika uwezo wake.

Microsoft hutoa bure programu ya Windows File Recovery kwa Windows 10 toleo la 2004 na kuendelea. Amri yake ya kutafuta nyaraka za mtumiaji mwenye jina mwalimu, na kuziweka katika diski E, ni hii:

winfr C: E: /regular /n \Users\mwalimu\Documents\

PhotoRec, ambayo pia ni ya bure, hutafuta kwa kutambua aina ya faili badala ya jina. Huweza kuokoa mengi, ingawa majina ya awali hupotea. Programu yoyote itakayotumika isisakinishwe katika diski ileile inayotafutwa, wala kinachookolewa kisihifadhiwe humo. Kilichokuwa katika Google Drive au OneDrive binafsi hukaa katika kapu la taka la huduma hizo kwa siku 30, hivyo kuangalia huko kwanza huenda kukamaliza kazi yote.

Flashi moja kwa majirani wengi

Mwezi Mei 2024 wakazi wa Kusini walijionea namna mawasiliano yanavyoweza kukatika kwa njia mbili karibu kwa wakati mmoja. Mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika maeneo ya Kilwa, na tarehe 12 Mei hitilafu katika nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ikadhoofisha intaneti nchini na katika nchi jirani. Katika siku kama hizo, njia ya kurejesha mfumo inayotegemea kupakua GB kadhaa haifai, na fundi wa Mtwara au Dar es Salaam hafikiki kwa urahisi.

Programu ya Media Creation Tool ya Microsoft hutengeneza flashi ya Windows kwa kutumia flashi tupu yenye ukubwa wa angalau GB 8. Upakuaji hufanyika mara moja, na flashi hiyo hutengeneza kompyuta nyingi. Shule, ofisi ya chama cha msingi au steshenari mjini Nachingwea au Ruangwa ikiwa na moja, mtaa mzima umepata akiba. Gharama ya bando ikigawanywa kwa watu 5 au 6 huwa ndogo kuliko malipo ya fundi kwa safari moja. Kompyuta iliyokwisha kuwa na leseni halali huitambua leseni hiyo yenyewe baada ya matengenezo. Flashi za Windows iliyochakachuliwa, ambazo huuzwa kwa bei rahisi, ziepukwe, kwa kuwa mnunuzi hana namna ya kujua nini kimeongezwa ndani yake. Vivyo hivyo kwa tovuti zinazogawa faili moja moja za mfumo.

Msaada wa Windows 10 ulifikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo bado hutengenezeka kwa njia zilizoelezwa hapa, lakini hazipokei tena masasisho ya kawaida ya usalama.

Unapompelekea fundi

Orodha ya wakulima yenye namba za simu na akaunti za benki, au matokeo ya wanafunzi, ni taarifa za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka anayezikusanya na kuzitumia azilinde, na usimamizi wake uko chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ni vyema mwenye kompyuta awepo wakati fundi anafanya kazi, aandikiane naye ni folda zipi zitanakiliwa, na ahakikishe nakala hizo zinafutwa katika kompyuta ya fundi baada ya kukabidhiwa.

Mtumishi wa umma ambaye kompyuta aliyonayo nyumbani ni mali ya Serikali hapaswi kujitengenezea wala kuipeleka mtaani. Aripoti kwa Kitengo cha TEHAMA cha halmashauri yake. Kumbukumbu zilizokwisha kuingizwa katika mifumo kama MUSE na FFARS haziko katika kompyuta hiyo, hivyo hazipotei pamoja nayo.

Kwa anayetafuta nafasi

Nafasi hupatikana bila kugusa mfumo. Katika Settings, sehemu ya System kisha Storage, Windows huorodhesha faili za muda na mabaki ya masasisho yanayoweza kuondolewa, ikiwemo Windows.old baada ya nyaraka kutolewa. Folda ya Downloads mara nyingi ina video na programu zilizokwisha kutumika. WinSxS huonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa kuwa faili zake nyingi ni zilezile zinazohesabiwa tena ndani ya System32. Ukitaka kuipunguza, tumia amri hii katika Command Prompt ya msimamizi:

DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup

Filamu na muziki vihamishiwe diski ya nje, na Documents ibaki na nakala mbili, moja ikiwa nje ya kompyuta.